Mtoto asiwe mkalimani wa buletini yake mwenyewe

Naanza na karatasi moja.

Ilikuwa jioni, muhula wa pili. Mama mmoja jirani yetu alinifuata wakati nilikuwa nakusanya viti baada ya kusomesha watoto wadogo. Alitoa karatasi kwenye pindo la kitenge, imekunjwa mara nne. Akaniambia: "Mutoto yangu, unisomeye hii. Kijana anasema ni mambo ya mupira, ati banaomba ruhusa ya muzazi. Lakini karatasi ya mupira inaweza kuwa na muhuri mukubwa hivi?"

Nikasoma. Mistari saba kwa Kiingereza. Haikuwa ya mpira. Shule ilikuwa inamwita mzazi juu ya kijana wake wa S2, kwa sababu kijana amekosa darasani siku 23. Tena siku aliyoitwa ilikuwa imeshapita, siku tisa nyuma.

Mama alikaa kwenye jiwe. Hakulia, hakupiga kelele. Alisema tu: "Kumbe mimi njo nilikuwa mugeni ndani ya nyumba yangu."

Kijana tulimkuta jioni ile ile. Hakukana. Kila asubuhi alikuwa anavaa sare, anabeba kaye zake, anashuka mpaka kando ya ziwa kuosha pikipiki za watu. Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu: "Yaya, mwalimu wa fizikia anaongea saa nzima, mimi sisikie hata maneno tano. Nilichoka kukaa kama muti." Huyo ni kijana ambaye huko Goma alimaliza darasa la 7 na asilimia 68. Hakuwa mvivu. Alikuwa anazama, na mama yake ambaye angemshika mkono alikuwa anapewa habari na yule yule anayezama.

Sasa nije kwa lile linalonikasirisha. Hadithi kama hii nikiisimulia mbele ya watu wa elimu ya wakimbizi, wengi wanatikisa kichwa na kusema: "Ndiyo, shida yetu ni hiyo hiyo, wazazi wakimbizi hawafuatilii masomo ya watoto." Nimeisikia sentensi hiyo kwenye mikutano, nimeisikia ndani ya gari, nimeisikia hata kwa volontere wenzangu ambao mama zao ni wakimbizi. Mimi nasema ni uongo. Mzazi hawezi kufuatilia kitu ambacho hakuna mtu amemwonyesha. Umemfungia mlango, halafu unamshitaki kwamba haingii.

Nieleze kidogo, kwa faida ya ndugu zetu wa mashirika ambao hawakusomea Congo.

Kule kwetu, mzazi hata kama hakumaliza shule ya msingi, alikuwa na ramani kichwani. Alijua mtoto anafanya miaka 6 ya msingi, halafu mtihani wa taifa. Halafu darasa la 7 na la 8, zile wakubwa wetu waliita CO. Mwisho wa la 8 kuna mtihani wa TENASOSP, wa kumwelekeza mtoto kabla ya miaka 4 ya humanite. Alijua buletini: asilimia, nafasi darasani, tabia, na wino mwekundu pale mtoto alipoanguka. Mama asiyejua kusoma alijua wino mwekundu. Na mwisho wa mwaka kulikuwa na proklamasio: wazazi wamekaa uwanjani, majina yanasomwa kwa sauti, mtoto anakwenda mbele, watu wanapiga vigelegele ao wananyamaza. Hakuna mtoto aliyeweza kumdanganya mama yake baada ya proklamasio. Habari ilitoka mdomoni mwa prefe ikaingia moja kwa moja sikioni mwa mzazi.

Sisemi shule za Congo zilikuwa nzuri kuliko za hapa. Kila mmoja wetu anajua watoto waliofukuzwa juu ya minerivali, na walimu waliofundisha miezi bila mshahara. Nasema tu kwamba mzazi alikuwa anaijua ile shule hata bila kuingia ndani.

Hapa Rwanda mambo ni tofauti. Mtoto wa mkimbizi anaingia katika shule ya nchi, anakaa benchi moja na mtoto wa mwenyeji, anafuata programu ile ile na kufanya mtihani ule ule wa taifa. Hilo ni jambo kubwa, nalishukuru bila kuficha. Kule Nyarugusu, Tanzania, kambi ambayo Wakongomani waliingia miaka ya 1990, shule za kambini zilifuata programu ya Congo kwa Kifaransa. Mzazi wa Nyarugusu aliweza kuitambua buletini, lakini mtoto wake alikuwa anasomea nchi ambayo hajui kama atarudi. Njia ya Rwanda inampa mtoto nafasi zaidi. Ila ina bei, na bei hiyo analipa mzazi. Ramani yote aliyokuwa nayo kichwani imefutwa siku moja.

Angalieni. La 7 limekuwa S1, la 8 limekuwa S2. Mtihani mkubwa hauko tena mwisho wa mwaka wa pili, uko mwisho wa S3, na huo ndio unaoamua kama mtoto ataendelea na masomo ya jumla, ya ualimu ao ya ufundi. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza, uamuzi ambao nchi hii iliuchukua mwaka 2008, na mtoto wetu anakuja na Kifaransa. Programu yenyewe ilibadilishwa mwaka 2015. Sasa wanaangalia mtoto anaweza kufanya nini, si kukariri peke yake. Kuna kazi za kikundi, kuna kujieleza mbele ya wenzake, kuna miradi midogo ya kutengeneza vitu kwa mikono.

Mzazi anaona nini? Anaona mtoto anaomba gundi, maboksi, chupa tupu. Nilimsikia baba mmoja akisema: "Kwetu mutoto alikuwa anasoma. Hapa banamufundisha kuokota takataka." Hakuna mtu aliyemwambia kwamba zile chupa ni somo la sayansi, na kwamba zina pointi. Baba akazitupa. Mtoto akapata sifuri. Nani alikosa hapo?

Tena kuna hili linaloumiza zaidi. Watoto wengi wakifika wanarudishwa chini kwa sababu ya Kiingereza. Kijana wa miaka 15 aliyemaliza la 7 anajikuta P5 ao P6, amekaa katikati ya watoto wa miaka 11. Pengine ni uamuzi mzuri, sibishani. Lakini mzazi anaelezwa na nani? Na yule kijana mwenyewe, aliyejaa haya. Anasema "wamenirudisha tu", basi imeisha. Mzazi analala akijua mtoto wake ameadhibiwa, ao amekuwa mjinga, kumbe amewekwa pale ajifunze lugha.

Watu wataniambia shule haina njia ya kuwafikia wazazi wote. Hiyo nayo naikataa. Mwaka 2022 wizara ya elimu ilipanga kwamba mchango wa mzazi kwa mwanafunzi wa sekondari ya serikali anayelala nyumbani usipite faranga 19,500 kwa muhula. Zunguka Gisenyi, anzia sokoni mpaka Petite Barrière, uliza wazazi wakimbizi, wale wanaojilipia na wale wanaolipiwa na shirika. Mimi sijakutana na hata mmoja asiyeijua hiyo 19,500. Anayejua kusoma anaijua, asiyejua kusoma anaijua. Habari ya pesa ilifika bila semina na bila bajeti ya mradi.

Sasa waulize hao hao: mwanao wa S1 muhula huu anajifunza nini katika hesabu? Mwalimu wake wa darasa anaitwa nani? Ameanguka katika somo gani? Kimya. Kwa hiyo njia ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuona kwamba habari ya darasa ina uzito sawa na habari ya pesa.

Tuje kwenye lugha, hapa ndipo mimi nashangaa kabisa. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kinafundishwa S1 mpaka S3, yaani katika madarasa haya haya tunayoongelea. Rwanda iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Congo nayo imeingia 2022. Kila tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani, tunasikia hotuba kwamba Kiswahili kinatuunganisha. Vizuri sana. Halafu barua ya kumwita mama aliyetoka Goma inaandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiswahili yuko hapo hapo katika chumba cha walimu, hakuna aliyemwomba aandike mistari saba.

Najua wengi wetu nyumbani tunaongea Kinyarwanda, hasa tuliotoka Masisi na Rutshuru, na kwa hao barua ya Kinyarwanda inatosha. Basi iwe Kinyarwanda upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Karatasi ina pande mbili.

"Lakini tunaitisha mikutano na hawaji." Ndiyo, mikutano ipo. Hapa Rwanda mzazi ana nafasi yake katika shule, kuna mkutano mkuu wa wazazi na kuna kamati. Lakini mkutano ukiwekwa siku ya kazi saa nne asubuhi, mama anayeuza nyanya ao anayefua nguo za watu anachagua kati ya mkutano na chakula cha jioni. Akichagua mkutano, anakaa nyuma masaa matatu. Kwanza mchango, halafu sare, halafu nidhamu, halafu mchango tena. Somo hata moja halitajwi. Anarudi bila pesa na bila habari. Mara ya pili asipokuja, mnaandika kwamba hajali.

Nitoe mfano wa pili, kwa sababu kijana wa pikipiki alirudi shuleni, na sitaki mdhani hadithi hizi zote zinaisha hivyo.

Msichana wa S1. Buletini yake ya muhula wa kwanza ilimweka karibu na mwisho wa darasa. Mama yake aliona ile nafasi, kwa sababu namba ndicho kitu pekee alichoweza kusoma kwenye karatasi ile. Akasema mtoto hana akili ya masomo, bora asaidie nyumbani, halafu atafutiwe kazi kwa watu, Kigali. Mimi ile buletini niliiona baadaye, msichana ameshaondoka. Kiswahili: 81. Kifaransa: 77. Hesabu: 58. Biolojia, kemia, historia, yaani yote yanayotaka sentensi ndefu za Kiingereza: chini ya 35.

Mtu yeyote anayejua kusoma buletini angeona kwamba huyo msichana ana akili, kilichomshinda ni lugha moja. Zilitakiwa dakika tano, mtu akae na mama, amwonyeshe kwa kidole: hapa, hapa na hapa. Dakika hizo hakuna aliyezitoa. Wala mimi sikuzitoa, na mimi nilikuwa nakaa nyumba ya nne kutoka kwao.

Kwa hiyo maneno haya si ya kuwapiga walimu na HCR peke yao. Na sisi vijana tumo. Mwaka jana niliombwa kutafsiri katika mkutano mmoja. Mwalimu aliongea karibu dakika kumi. Alieleza namna wanavyotoa pointi za kazi za kila siku, kwa nini mtoto anayekosa siku nyingi hawezi kufidia kwa mtihani wa mwisho peke yake, na mzazi aangalie nini kwenye kaye. Mambo yote ambayo yule mama wa karatasi alihitaji kusikia. Mimi nilikuwa nimechoka, maneno mengine sikujua niyaseme vipi kwa Kiswahili, nikageukia wazazi nikasema: "Anasema watoto wajitahidi." Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu akafurahi, akadhani ujumbe umefika.

Bado naona aibu. Lakini najua siko peke yangu. Vijana wenzangu, tuseme ukweli. Ni mara ngapi mzazi amekuja na karatasi tukamwambia "ngoja kwanza" kwa sababu tuko kwenye simu? Ni mara ngapi mdogo wetu ametukonyeza, "Yaya, usimwambie mama," na sisi tukasoma nusu ya barua? Tunajua Kiingereza kidogo, tunakuwa wakubwa wadogo wa mtaa. Na wale wadogo tunaowaficha, kesho tutawakuta wanabeba mizigo mpakani.

Sasa upande wa mwalimu, nisimwonee. Nimekaa nyuma ya darasa lenye watoto zaidi ya 70. Mwalimu anasahihisha kaye mpaka usiku, wakati mwingine anafundisha madarasa manne. Ukimwambia aandikie kila mzazi barua atakucheka, na atakuwa na haki. Sisi hatuombi barua 70. Tunaomba ukurasa mmoja kwa darasa zima, mara moja kwa mwezi. Mwalimu aseme kwa maneno yake, kutafsiri tutafanya sisi. Tupo, tunajitolea, tunatafuta kazi ya maana kuliko kupanga mistari ya watu siku ya mgao.

Wapo watakaosema: hata wakijulishwa, hawatafanya kitu. Hoja hii si ya kijinga, nitaijibu kwa heshima. Kuanzia 2009 watu wa Uwezo, katika Kenya, Tanzania na Uganda, walizunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto. Wanampa mtoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la 2 aisome, na mzazi anaambiwa matokeo palepale. Halafu watafiti walifuatilia huko Kenya waone kama wazazi walioambiwa walianza kufanya tofauti na wengine. Hawakuona mabadiliko. Wengine wanachukua hilo kusema ni kazi bure.

Mimi nalielewa hivi. Kumwambia mtu "mtoto wako hajui" halafu ukaondoka, ni kumwekea mzigo bila kumpa kamba ya kuufunga. Mzazi anahitaji kujua afanye nini kesho jioni. Habari ya shule ikija, ije na vitu vitatu: watoto wanajifunza nini mwezi huu, mtoto wako amefika wapi, na wewe nyumbani uulize nini ao ufanye nini, hata kama hujui kusoma.

Mfano. "Mwezi huu katika jiografia wanasoma volkano. Mwambie mtoto akueleze kwa nini Nyiragongo ilitoa moto 2002 na 2021. Halafu wewe umsimulie ulichoona na ulivyokimbia." Ona sasa! Mama ambaye hakugusa kitabu ana somo zima kichwani, ameliona kwa macho yake. Ao hii: "Katika ujasiriamali wanasoma mtaji, faida na hasara. Jumamosi mpeleke sokoni, mwambie akuhesabie ulichonunua na ulichouza." Mama wa nyanya anaweza kumfundisha mtoto hasara kuliko kitabu chochote. Karatasi ya namna hiyo inamwambia mzazi kwamba hata yeye anahesabiwa ndani ya lile darasa.

Na msiniambie darasa haliwezi kuingia nyumbani. Mwaka 2020, corona ilipofunga shule zote za Rwanda kuanzia Machi, masomo yaliletwa kwenye redio. Mama anapika, redio inaongea, mtoto ana biki mkononi. Mzazi akasikia kwa masikio yake mwalimu anasema nini. Novemba shule zikaanza kufunguliwa, na ile njia ya kumfikia mzazi ikaachwa. Ilitosha ugonjwa kutuonyesha kwamba inawezekana, halafu tukasahau.

Tena hii si zawadi tunayoomba. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 26, linasema mzazi ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wake. Utachaguaje kitu usichokijua? Na nyinyi wa mashirika mna vile viwango vya INEE vya elimu wakati wa dharura, vilivyotoka mara ya kwanza 2004. Ushiriki wa jamii umewekwa kwenye msingi kabisa, kabla ya mambo ya vitabu na walimu. Mnavijua kuliko mimi, mnatufundisha kwenye semina. Basi vishuke kutoka kwenye skrini ya semina vifike kwenye kitenge cha mama.

Tunataka nini? Vitu vitano, vya bei ndogo.

Kwanza, ule ukurasa mmoja kwa mwezi kwa kila darasa la S1 mpaka S3, Kinyarwanda na Kiswahili, na vile vitu vitatu nilivyosema.

Pili, usomwe kwa sauti pale ambapo wazazi wapo tayari. Kuna Umugoroba w'umuryango. Kuna mkutano baada ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Kuna kanisa, kuna msikiti, kuna foleni ya mgao ambapo watu wanakaa masaa bila kazi. Kuna RC Rubavu, dakika kumi tu. Na tafadhali, msifungue kikundi cha WhatsApp mkasema mmemaliza. Yule mama ana simu ndogo ya tochi, na simu kubwa ya nyumba anaishika kijana. Ujumbe mtautuma kwa mtuhumiwa.

Tatu, mtoto asiwe mkalimani wa mambo yake mwenyewe. Barua ya utoro, barua ya nidhamu, buletini: zitafsiriwe na mtu mzima aliyechaguliwa na wazazi, anayejua kutunza siri, aliyefundishwa asifanye kama nilivyofanya mimi.

Nne, mikutano iwekwe saa ya mzazi, kwa mfano Jumapili mchana, na nusu saa ya kwanza iwe ya masomo, kabla pesa haijatajwa.

Tano, siku ya buletini kila mzazi apate dakika tano na mtu wa kumwonyesha: hapa ana nguvu, hapa amekosa lugha, hapa amekosa bidii. Na wazazi wa S3 waitwe peke yao mapema, waelezwe mtihani unafungua njia gani na gani, kabla mtoto hajachagua peke yake kwa kufuata rafiki.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji jengo. Hakuna kinachosubiri mfadhili wa Ulaya.

Nimalizie na yule mama. Wiki iliyofuata tulikwenda pamoja shuleni, yeye mbele, mimi nyuma. Safari hii nilitafsiri kila neno, na neno nisilolijua nilimwomba mwalimu arudilie. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Hata yeye alikuwa anadhani mama ameipata barua na amekataa kuja. Wakakubaliana kijana akae mbele, na kila jioni amfundishe mama yake maneno matano ya fizikia, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mama hajui kusoma, lakini anajua kuhesabu vidole vya mkono mmoja. Vidole vitano bila maneno matano, hakuna kutoka nje.

Kijana sasa yuko S3. Juzi mama amenisimamisha njiani, ana kapu kichwani, ananiuliza: "Mutoto yangu, ule mutihani wa taifa, akipita anaenda wapi, na akianguka banamufanya nini?" Nikaweka simu mfukoni, nikamweleza palepale mpaka akaelewa.

Huyo ndiye mnayesema hajali.

Wewe uliyefika mpaka hapa, usiishie kubonyeza kidole gumba. Leo jioni nenda nyumba ya nne kutoka kwenu, omba kaye ao buletini ya mtoto wa pale, kaa na mzazi, msomee yote, na mtoto awepo asikie. Anza na dakika tano.